Siku Baba Alipotumiminia Mvinyo

Masika ya kijijini kwetu Sapiwi yalinuka zizi lililoloa, na juu yake harufu mbichi ya majani ya pamba iliyotufuata hadi ndani ya blanketi. Kwangu hiyo ilikuwa harufu ya kumsubiri Baba. Alikuwa mhudumu wa vinywaji katika kambi ya watalii upande wa mbugani, na kambi ilifungwa pale tu mvua zilipoharibu barabara. Mama alifariki nikiwa mchanga. Nililelewa na Bibi, mama yake Baba. Mtoto nilikuwa peke yangu pale nyumbani, na nilizungumza na ndama kuliko na watu.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, Baba alifika na chupa aliyoiviringisha ndani ya sweta. "Mwadila, mayu," alimwamkia Bibi kwa Kisukuma, kisha akanigusa kichwa kama anayepima kimo cha mtoto wa jirani. Ulikuwa mvinyo mwekundu wa zamani kutoka Burgundi, Ufaransa. Mgeni mmoja mzee, aliyezoea kuja na mumewe, safari hiyo alikuja peke yake. Akashindwa kuufungua bila mwenzake, akamwachia Baba. "Kaniambia ninywe na watu wangu," Baba alisema.

Aliisimamisha chupa siku mbili kando ya mtungi ili mashapo yatulie. Jumapili alasiri akavaa shati lake jeupe la kazini, akachomoa kizibo kilichokuwa kikimeguka, akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina polepole kwenye jagi la kioo, pumzi ameizuia. Mashapo meusi yalipokaribia shingo, akaacha papo hapo. Nilitamani siku moja aniangalie mimi kwa umakini ule.

Mvinyo ulikuwa na rangi ya tofali la kuchoma. Nilionjeshwa kwa ncha ya kijiko: kwanza uchachu, kisha uyoga, mwishoni udongo ulionyeshewa.

"Pombe hii imechacha," Bibi alisema.

"Imezeeka, mayu. Ikishafunguliwa haikai."

Alitumiminia akiwa amesimama, mkono mmoja mgongoni. Bibi akapigapiga kigoda. "Kaa, mwanangu. Hapa hakuna wazungu." Akakaa ukingoni, lakini kila bilauri ya Bibi ilipopungua, aliinuka.

"Baba, ukae mpaka pamba ivunwe," nilisema.

Bibi ndiye aliyejibu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Kesho yake alishika jembe kweli. Alipalilia siku tatu, akikata miche pamoja na magugu, nami nikimfuata nyuma kuipandikiza upya ile iliyong'oka na mizizi. Siku ya nne simu ikalia kutoka kambini: barabara imekauka. Akaondoka.

Bibi hayupo tena. Baba amestaafu, anaishi pale peke yake. Mimi ni karani Bariadi mjini, na bodaboda ingenifikisha kwake kabla ya chakula cha mchana. Yeye alizuiwa na kazi ya mbali. Mimi sina mto wala tope la kusingizia, na huu ni mwezi wa tatu sijafika. Jana alipiga simu kuuliza nitakwenda lini. Nikamwambia kazi zikipungua.

"Sawa, mama," akasema. "Mimi nipo."