Mlinzi aliyefukuzwa uwanjani kwa kuinama kuokota ganda la risasi

Kawira Mbuvi amesimama nyuma ya mstari mwekundu wa uwanja wa shabaha, mikono kwapani, akipumulia ndani ya kola ya koti lake. Ni asubuhi ya Julai, na baridi ya magharibi mwa Sydney inauma masikio. Mbele yake kuna meza fupi. Juu ya meza imelazwa bastola ya nusu-otomatiki, tupu, magazini yake ya risasi kando. Mbele zaidi, karatasi yenye umbo la mtu inapepea kwa upepo.

Nyuma yake yupo mkufunzi, mzee wa Kiaustralia aitwaye Warren, ambaye akiwa kazini hajui kucheka. Anamtazama tu, daftari mkononi. Kawira anasema angeona nafuu kama mzee huyo angepiga kelele.

Leo akifaulu, atarudi kwenye gari la kusafirisha fedha. Akishindwa, idhini yake ya kubeba silaha inakwisha, na atarudi kukaa getini katika ghala moja la Wetherill Park, akifungulia malori. Hana nafasi nyingine. Nafasi ya kwanza aliipoteza wiki mbili zilizopita, mahali hapa hapa, kwa jambo ambalo walinzi wenzake bado wanalicheka wakinywa chai.

"Asubuhi hiyo niliacha chai mezani," anasimulia. "Nilishindwa hata kumeza mkate. Nilijiambia, Kawira, wewe umeshika bunduki kabla hawa vijana wa kazini hawajazaliwa, leo unatetemekea bastola ndogo hivi?"

Na kweli ameshika. Kabla ya kumfuata mumewe, nesi, huku Australia, Kawira alikuwa polisi nchini Kenya kwa miaka tisa. Alipangiwa kazi Baragoi, kisha Lodwar, huko kaskazini kwenye majambazi wa mifugo. Bunduki ya kule haikuwa mali yako, ilikuwa roho yako. Usiku aliifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono ndipo alale, maana askari aliyepoteza silaha alikuwa heri apotee nayo.

Risasi nazo zilikuwa na sheria yake. Ukipewa kumi za mazoezi, unarudisha maganda kumi. Kawira anamkumbuka mwenzake, Kiprono, aliyerudisha maganda pungufu siku moja. Kikosi kizima kilipiga magoti kwenye nyasi kikipekua hadi jua likazama. Ganda halikuonekana. Kiprono aliwekwa ndani, mshahara ukasimamishwa, na mkewe akaja kambini kuomba unga.

"Hapo ndipo mwili wangu ulijifunza," asema. "Ganda likianguka, naokota. Sifikirii. Ni kama mtu kukohoa."

Sydney ilimpokea bila bunduki. Alianza kwa kuwatunza wazee katika makao mamoja, na huko akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto alipomdaka mzee aliyekuwa akiteleza bafuni. Mkono ulipona, lakini haukurudi ulivyokuwa. Akahamia ulinzi, akakaa getini kwenye ghala, akasoma, akapata leseni, na mwishowe akaajiriwa na kampuni ndogo ya kusafirisha fedha, mali ya Adrien, mzaliwa wa Mauritius mwenye walinzi sita na magari mawili.

Wiki nyingi Kawira hubeba silaha siku mbili tu, gari linapozunguka kutoka bandari ya Port Botany hadi maduka ya Villawood. Siku nyingine hukaa ofisini kwenye redio. Siku hizo mbili za silaha humwongezea karibu dola mia na hamsini kwa wiki. Kwa nyumba inayolipa kodi ya Sydney, hizo si pesa za kuchezea.

Msomaji asije akadhani kwamba mtu huku huingia dukani akatoka na bastola kiunoni. Katika jimbo hili, kutaka kujilinda si sababu ya kupewa silaha. Bastola ya Kawira ni ya kampuni. Huitoa kwenye sefu anapoingia zamu, huirudisha anapotoka, na nyumbani haijawahi kufika.

Mwanzoni mwa mwaka, Adrien aliamua kuzistaafisha rivolva zake, bastola za zamani za risasi sita, zilizochakaa hadi zikawa zinalegea mkononi. Akamwita Kawira, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifanya mazoezi uwanjani kila Jumamosi.

"Nitafutie bastola moja itakayotufaa sote," akamwambia. "Ya mazoezi na ya zamu. Na tafadhali, iwe nafuu. Mimi si serikali."

Kawira aliifanya kazi hiyo kama mama anayechagua sufuria sokoni, akipindua na kugonga kila kitu. Hakuuliza ipi inasifiwa. Aliuliza ipi itamtii mtu aliyechoka. Zikiwa tupu, alizivuta na kuziachia mara nyingi, mikono ikiwa na baridi, kisha ikiwa na jasho. Alizivaa kiunoni akaketi kwenye kiti cha gari, akafunga mkanda, akashuka, akapanda tena. Anacheka akikumbuka jinsi majirani wa karakana ya kampuni walivyomtazama akipanda na kushuka gari lisiloenda popote.

Zilibaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chuma kitupu, iliyotumika, bei yake dola mia nne na hamsini. Ilikuwa imara, ikipiga pale unapolenga, lakini nzito, na ukiketi nayo garini inakuchimba nyonga. Ya pili ilikuwa mpya, ya kawaida kabisa, mwili wa plastiki ngumu, isiyo na urembo wowote. Ilizidi ile ya kwanza kwa dola mia tatu hivi.

Adrien alishaipenda ile ya chuma. Mtu mwenye kampuni ndogo akiona bei, macho hayatoki hapo.

Tatizo lilikuwa mkono wa kushoto wa Kawira. Ile ya plastiki ilivutika kirahisi, lakini ile ya chuma ilikuwa na springi kali. Kila alipovuta sehemu ya juu ili risasi iingie chemba ya mtutu, kifundo kilimsaliti, chuma kikateleza vidoleni. Si kila mara. Lakini barabarani, mara moja inatosha.

Akawa amekwama. Akinyamaza, atabeba silaha asiyoiamini. Akisema, bosi atagundua kwamba mlinzi wake ana mkono mbovu. Alimweleza dereva wake, Balagizi, Mkongomani wa Bukavu, wakiwa wamesimama kwenye foleni ya bandarini.

"Mama Kawira, unyamaze tu," Balagizi alimwambia. "Ukisema mukono, patron atasema mukono ibakie ku nyumba. Mi niko na watoto ine, siwezi kusema hata kama jino inaniuma."

Kawira hakulala vizuri usiku huo. Mumewe, Mbuvi, alimwambia aamue mwenyewe. Binti yao Bridget, mwenye miaka kumi na mitatu, yeye aliamua papo hapo. Huelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"I hope you fail, Mum," alisema, akimaanisha mtihani wa mwaka wa silaha uliokuwa ukikaribia, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Usiniombee mabaya, mwanangu. Hiyo bastola hailali hapa."

Bridget alimjibu kwamba haiogopi bastola. Anawaogopa wale watakaozifuata zile pesa.

Maneno hayo yalimchoma Kawira kuliko alivyoonyesha. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Adrien, akamwonyesha kifundo chake na kumweleza kila kitu. "Nilipiga moyo konde," asema. "Heri nikose kazi kwa kusema ukweli kuliko niwaletee wenzangu msiba."

Adrien alizungusha kalamu vidoleni. Kisha akasema kwamba Kawira atafanya mtihani wake wa mwaka kwa bastola ile ya plastiki aliyoichagua. Akifaulu nayo, kampuni itanunua sita za aina hiyo. Akishindwa, watanunua ya chuma, na mwenye kuiweza ndiye atakayepanda gari.

Mtihani wa kwanza ulikwenda vizuri hadi katikati. Risasi zilikuwa zikiingia mahali pake. Ndipo ganda moja likagonga ukuta, likadunda, likatua hatua moja mbele ya mstari mwekundu. Watu wawili pembeni walikuwa bado wanapiga. Kawira aliweka bastola mezani, akainama, akanyoosha mkono kupita mstari.

Uwanja mzima ulisimamishwa. Hapo, kupitisha hata kidole mbele ya mstari watu wakiwa wanapiga ni kosa lisilo na mjadala. Warren alimshika bega, akamtoa nje. Kawira alisimama kwenye maegesho akiwa bado amelifumbata ganda lile, akaona aibu hadi akatamani ardhi ipasuke immeze. Alipomweleza Warren habari za Kiprono, mzee alimsikiliza hadi mwisho, akampa siku ya kurudi, na kumwambia kwamba safari hii hatasikiliza hadithi.

Sasa siku imefika. Warren anatoa amri. Kawira anachukua bastola, anaingiza magazini, anavuta. Kifundo kinatii.

Risasi za kwanza zinatoka kwa utulivu. Anabadilisha magazini bila kutazama. Inafuata sehemu anayoiogopa kuliko zote, kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Anahamishia bastola mkono wa kushoto. Karatasi inatoboka, inatoboka tena.

Ndipo ganda linaruka, linamgonga kwenye mkono wa koti, linaanguka karibu na kiatu chake na kubingirika polepole kuelekea mstari. Linavuka. Goti lake linakunjika kidogo. Warren ameona, kwa sababu amesogea.

"Niliwaona wale wote kwenye nyasi," Kawira anasema. "Nilimwona Kiprono. Nilitaka kulia. Nikamwambia moyoni, ndugu yangu, nisamehe, leo siokoti."

Goti linanyooka. Anainua kidevu. Anapiga zilizobaki, anaitoa magazini, anaonyesha chemba tupu, anarudi nyuma hatua moja na kuganda hapo hadi Warren aseme neno.

Warren anakwenda kuitazama karatasi, bila haraka, kana kwamba kuna mtu anayemlipa ili achelewe. Anarudi. "Umepita," anamwambia. Kisha anachukua fagio, anayakusanya maganda yote na kuyamwaga kwenye ndoo bila kuhesabu hata moja. Kawira anamuuliza yanapelekwa wapi. Mzee anamwambia kwamba huuzwa kama chuma chakavu, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Adrien ametimiza neno lake. Bastola sita zimeagizwa, ingawa alilalamikia bei mpaka siku ya kulipa. Balagizi naye, baada ya kuona mwenzake amesema na hakufukuzwa, amekwenda kumwambia bosi kwamba macho yake hayaoni vizuri usiku. Amepewa miwani na zamu za mchana.

Kawira hapangi kuzeeka kwenye gari la fedha. Anasoma cheti cha ukufunzi kidogo kidogo, na Warren amekubali awe anamsaidia Jumamosi kuwafundisha walinzi waliotoka katika majeshi na polisi wa nchi nyingine, watu ambao miili yao imejifunza mambo mengine. Mwanafunzi wake wa kwanza ni Médiatrice, aliyekuwa mwanajeshi nchini Burundi. Kawira anatumaini kwamba Bridget atakapomaliza shule, yeye mama atakuwa ameziacha kabisa zile siku mbili za barabarani.

Siku ile ya mtihani, kabla ya kuondoka uwanjani, alimpigia binti yake simu kumwambia amefaulu. Bridget hakumpongeza. Alimuuliza, kwa Kiswahili, kama atakuwa anavaa fulana ya kuzuia risasi kila siku, hata siku za joto.

Kawira akamwambia ataivaa.