Ovaroli ya Bwana Nadhifu

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, na asiyesikia aoneshwe kwa kidole: mfanyakazi msafi kuliko wote katika karakana ya kuvunja televisheni mbovu amepatikana! Atavishwa beji Ijumaa, meneja akishapata pini.

Ndiye Bwana Nadhifu. Kazi yake ni kupasua televisheni za zamani, zile zenye chogo. Vioo vyake vina madini ya risasi, yenye sumu, basi kila kipande hukitia kwenye pipa na kulifunika kama anayemficha paka nyama. Barakoa usoni, glavu mikononi. Na kwa amri ya meneja, kila asubuhi mtu aje na ovaroli inayong'aa. Ya Bwana Nadhifu ilinukia sabuni.

Wiki hiyohiyo zahanati ikampima damu mjukuu wake, aliyekuwa amegoma kula na kushinda akilialia. Ikakutwa ina risasi.

"Risasi?" mzee akamaka. "Si nimeifungia kule kazini!"

"Basi nani kaifungulia, baba?" binti yake akauliza huku akikunja nguo za mtoto. "Chanzo kisipojulikana, naondoka naye."

Mzee akachanganyikiwa. Akakwangua rangi ya ukuta. Akanusa sufuria. Akalikazia macho bomba, bomba likadondosha tone. Akamshuku hata jirani, kwa sababu tu hakuwahi kumpenda.

Muuguzi akaja kukagua. "Ovaroli ya mzee inafuliwa wapi?"

"Humu," mke wa Bwana Nadhifu akajibu kwa fahari, akitoa beseni la bluu. "Naikung'uta kwanza, mwanangu, vumbi lote linatoka! Halafu naifikicha mpaka itakate."

"Na mtoto anaogeshwa wapi?"

Bibi akalitazama beseni. Bwana Nadhifu akamtazama bibi. Binti akaacha kukunja nguo.

"Lakini huwa nalisuuza..." bibi akasema.

Ijumaa meneja akapanda juu ya pipa lililoandikwa HATARI, akasifu weee, kisha akashuka na beji na kutafuta pa kuichomeka. Bwana Nadhifu alikuwa amevaa shati lake la harusi. Ovaroli ilikuwa msumarini, chafu. Tangu jana haikutoka karakanani.

"Mzee wetu, hebu waambie wenzako siri ya usafi wako!"

"Naomba beseni la kufulia," akasema Bwana Nadhifu. "Likae hapahapa."