Fito Chini ya Godoro la Mama

Sisi tuliokulia juu ya magodoro ya sufi hatukuwa na habari za inchi. Siku hizi kijana akiingia dukani hapa Kibiti anauliza inchi ngapi, anabonyeza kwa kidole, anapiga picha kuwaonyesha rafiki zake. Enzi zetu godoro lilipimwa kwa mgongo wa mtu, na mgongo uliokuwa kipimo kwetu ulikuwa wa mama.

Baba alikuwa na mashua ndogo. Kila msimu wa mpunga tulifunga nyumba, tukapakia masufuria, kuku na mbegu, tukashuka mto kwa mashua hiyo hadi shambani kwetu, ndani kabisa ya delta. Mpaka dungu, kibanda cha juu cha kuamia ndege, lisimame, tulilala chomboni: sisi watoto juu, chini ya turubai, baba na mama katika kijichumba cha tezi, nyuma ya chombo, ambamo mtu hawezi kuketi bila kugonga kichwa. Harufu yake ninayo hadi leo: sufi yenye unyevu, moshi wa kuni za mkoko, ubwabwa ulioungulia kidogo.

Nilipokuwa darasa la tatu, mama aliteleza na gunia kwenye matope, mgongo ukaharibika. Tangu hapo kila asubuhi alitoka tezini akitambaa kwa magoti. Shangazi akasema msimu ujao abaki kwake, Mtunda.

"Nibaki nikihesabu makuti ya paa, wanangu wako mtoni?" mama akakataa. Lakini sote tulijua: akishindwa kulala mashuani, ataachwa.

Hapo baba akaanza vita na lile godoro. Kwanza alilitandikia nailoni, ili maji ya ngama, yale yanayovujia chini ya chombo, yasilifikie. Kweli hayakulifikia. Ila jasho la miili na ubaridi wa mbao vikatuama juu ya nailoni, sufi ikalowa na kushikana mabonge kama ugali uliolala. Kila kukicha alilianika juu ya chanja ya miti, nasi tukitaka kulirukia alifoka, "Msilikalie! Upande wa mama yenu haujakauka."

Mwisho akaitupa nailoni. Akakata fito za mkandaa, mti wa mikokoni, akachonga vifundo vyote, akazifunga kwa kamba akiacha upenyo wa kidole kati ya fito na fito, na akaziinua kidogo kutoka kwenye mbao, hewa ipite. Juu yake mkeka, kisha godoro, baada ya sisi kuichambua sufi juani kwa mikono, tukipiga chafya hadi machozi.

Mama alichungulia, akacheka. "Baba Zuhura, hiki kitanda au uchaga wa kukaushia samaki?"

"Wewe lala, Mama Zuhura. Ukikauka upande mmoja nitakugeuza."

Asubuhi alitoka, akasimama wima. Sijamwona tena baba akitazama kitu kwa fahari vile. Msimu uliofuata mama alikwenda nasi, akavuna nasi. Wa baada yake hakuufikia. Homa ilimchukua masika, kabla hatujapakia.

Tulipoanua matanga, baba alimpa godoro mwanamke aliyemwosha mama, kama ilivyo desturi yetu kutoa vitu vya marehemu. Fito alizibakiza. Miaka yote baadaye alilala juu yake, na mkeka mtupu.

Sasa ni mzee, anaishi kwangu. Mashua iliozea matopeni, fito akaja nazo. Nilipomnunulia godoro la sponji, vijana walioleta walicheka kumwona akizipanga sakafuni kwanza. "Babu, hapa kuna vigae, hakuna maji!" Akaendelea kuzipanga, moja moja.

Nami ninalo langu, nene na laini, na usingizi wa mashuani sijaupata juu yake. Kule kulikuwa na mbu, na unyevu, na mawimbi yakitugonga ubavuni. Lakini kulikuwa pia na mtu aliyekaa kuchonga vifundo kimoja kimoja, visimchome mwenzake.

Jana nilimpelekea baba chai. Alikuwa amelala pembezoni kabisa mwa godoro, karibu aanguke. Nikataka kuketi kwenye nafasi iliyobaki.

"Usiukalie upande huo, Zuhura. Haujakauka."

Nikaupapasa. Ulikuwa mkavu, na baridi.