Wateja Waliokuja Kuaga

Jamani, mmeshawahi kuona kitu kilichokufa kikaanza kuingiza hela?

Mimi nimeona. Tena nilishangilia, ndiyo maana leo niko nyumbani naandika haya asubuhi kweupe, wenzangu wako kazini.

Nilikuwa mchoraji kwenye kampuni ya gemu. Si mchoraji wa picha za ukutani. Nilichora njia: mchezaji aingilie wapi, adui ajifiche wapi, daraja limvunjikie akiwa katikati. Gemu letu lilikuwa la zile mashine za kuchezea kwenye TV, na enzi zake ndilo lililolisha jengo zima mpaka mlinzi wa getini.

Kisha zikaja simu.

Kila mwezi dada wa uhasibu, tuliyemwita Mama Duara, alibandika chati ukutani pale tunapochemshia chai. Duara moja, vipande vitatu: simu, kompyuta, TV. Mapato yote ya kampuni yalikuwa mle ndani.

Miaka ya mwanzo kipande chetu cha TV kilikuwa kinakaribia kumeza duara zima. Cha simu kikaanza kunenepa. Kikanenepa, kikanenepa, na chetu kikakonda mpaka kikabaki kama ukucha. Watu wa kompyuta wao hawakunenepa wala hawakukonda, walikaa tu palepale wanakunywa chai.

Tukaanza kupunguzwa. Wa kwanza kuondoka alikuwa mama mmoja mpole aliyekuwa akiwasiliana na kampuni inayomiliki ile mashine.

"Kwani huyu anafanya nini zaidi ya kusoma barua pepe?" Mkuu wa kampuni aliuliza kikaoni.

Mama wa watu akafungasha, akaenda.

Tukabaki watatu. Mimi, Zimwi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora maadui, na Kocha, mkubwa wetu wa kitengo, mzee wa maneno matamu.

Siku moja Mkuu akaniita.

"Kitengo cha simu wanataka mchoraji. Nafasi ni yako ukitaka. Ijumaa nipe jibu."

"Nitakuwa nachora nini?"

"Mahali pa kukwama," akasema bila haya. "Mchezaji afike, ashindwe, anunue almasi za gemu kwa hela yake, apite."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mke wangu alinisikiliza huku akimvisha soksi mmoja wa mapacha wetu.

"Baba Pacha, chukua hiyo kazi."

"Ni kazi ya kuwatega watu."

"Na hawa watakula nini, kiburi chako? Mkono mtupu haulambwi, mume wangu."

Alisema kweli. Nikapanga Ijumaa niseme ndiyo.

Alhamisi nikasikia Kocha anapiga ukelele kule kwenye chai. Nikakimbia nikidhani kaungua.

Hakuwa ameungua. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, anaitazama chati mpya. Kipande chetu kilikuwa kimenenepa. Kilikuwa kimeipita kompyuta, kinaisogelea simu.

"Umekosea," nikamwambia Mama Duara.

"Nimerudia hesabu mpaka macho yananiuma. Watu wananunua gemu lenu, tena kila nchi."

"Kwa nini sasa?"

"Mimi nahesabu, kaka. Sababu katafuteni wenyewe."

Hatukutafuta. Zimwi akasema labda kuna mtu maarufu kalisifia mtandaoni. Kocha akafuta machozi, akasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!" Na mimi, mtu ninayeishi kwa kuchora mitego, nikaamini.

Mkuu mwenyewe akashuka kutupa mkono wa pongezi. "Mkienda hivi mwezi mwingine, mtatengeneza sehemu ya pili."

Ijumaa nikamwambia asante, nabaki.

"Una uhakika?" Zimwi akaniuliza nje ya mlango. "Maana usipoitaka wewe, naiomba mimi."

"Nenda, ndugu yangu. Kachore almasi." Nilimwonea huruma kabisa.

Nilipofika nyumbani na habari ile, mke wangu hakugomba. Alikunja nguo za watoto mpaka zikaisha. Ningependa angegomba.

Jumapili akaja shemeji, mdogo wake mke wangu, mchezaji sugu, dada ambaye akishika pedi ya kuchezea gemu hata chakula anasahau. Siku hiyo aliingia taratibu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, pole sana."

"Pole ya nini tena?"

"Ya gemu lenu. Tumeumia jamani."

"Mmeumia na nini? Linauzika kuliko wakati wowote!"

Akamgeukia dada yake, kama mtu anayeuliza iwapo mgonjwa ameshaambiwa.

"Shemeji, si wanalifunga duka? Lile duka la mtandaoni la mashine yenu. Mwisho wa mwezi linazimwa kabisa. Kila tukiwasha tunaletewa tangazo. Asiyenunua sasa hatalipata tena, ndiyo maana watu wote tumekimbilia. Mimi nimenunua langu, nikamnunulia na rafiki yangu."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Mashine zetu za kazini zilikuwa za majaribio tu, haziingii dukani. Na taarifa za kampuni yenye mashine zilikuwa zikienda kwenye barua pepe ya yule mama mpole. Alipoondoka, hakuna aliyekumbuka kuifungua.

"Kwa hiyo kila mtu anajua?"

"Kila mtu, shemeji. Mtandaoni watu wanalia."

Jumatatu nikapanda kitengo cha simu mbio mbio. Zimwi alikuwa ameshakaa kwenye kiti, picha ya watoto wake iko mezani.

"Ulisema mwenyewe, kaka," akasema kwa sauti ya chini.

Hakuwa na kosa. Nikamgusa bega, nikashuka.

Kocha nilimweleza yote. "Hao ni watu wenye wivu," akanijibu, akaendelea kuchora sehemu ya pili ubaoni. Alichora kila siku mpaka duka lilipozimwa.

Chati ya mwezi uliofuata ilikuwa na vipande viwili.

Mkuu akatuita, akatupongeza kwa mauzo makubwa ya mwisho. Akasema fedha zile zimenunua matangazo ya gemu la simu, kampuni inatushukuru. Kisha akatukabidhi barua zetu za kuachishwa kazi. Kocha aliuliza kama anaweza kuondoka na ubao wake, akaambiwa ni mali ya ofisi.

Tangu hapo nimebisha hodi kampuni nyingi. Wote wananiuliza swali moja: umeshafanya gemu za simu? Nikisema hapana, wananiambia watanipigia. Hawapigi.

Wewe unayesoma, siku ukiona watu wamejaa ghafla mlangoni kwako, usikimbilie kupanga viti. Uliza kwanza kama wamekuja harusini au msibani. Mimi sikuuliza. Mke wangu bado hajanisema hata neno moja, anatoka asubuhi kwenda kazini na mimi nabaki na mapacha, na kusema kweli sijui nitamwambia nini siku akiamua kuniuliza.