Mwalimu Lois na Vitabu vya Kabatini

Watu wa Chiwata, alikozaliwa Lois Nikolao, binti wa mwalimu wa dini, husema kwamba yule mwanamke alizaliwa na hasira. Uongo mtupu! Hasira ya Lois ina mahali pake na ina tarehe yake. Ilianza mwaka wa hamsini na sita, siku ya tatu tangu apandishwe Newala kufundisha Kiingereza darasa la tano na la sita, katika shule ya kati moja iliyo kwenye njia ya Mnyambe. Siku hiyo alikwenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba vitabu vya kusomea.

"Vipo," alisema Mwalimu Mkuu Silvesta, na kifua kikamtutumka. Akauchomoa ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni pamoja na msalaba wake, akafungua kabati la mninga lililokuwa ofisini. Vilikuwemo vitabu thelathini na sita, vipya, kila kimoja kimevishwa jalada la karatasi ya kaki na kuandikwa namba kwa mwandiko wa kuremba. Harufu ya wino ilimfikia Lois pale mlangoni, akafurahi mtoto wa watu.

"Ahsante, Mwalimu Mkuu. Nitakuja kuvichukua baada ya mapumziko."

"Uvichukue uvipeleke wapi?"

"Darasani."

Silvesta alimtazama kama aliyetukanwa. Akalifunga kabati, akajaribu mlango mara mbili kuona kama umeshika. Vitabu hivi, alieleza polepole, ni mali ya serikali. Hutolewa Mkaguzi anapokuja, vikapangwa juu ya madawati, Mkaguzi akaviona, halafu vikarudi.

"Na watoto?"

"Watoto wana ubao."

Ubao! Mbao tatu zilizopigiliwa misumari na kupakwa masizi, katikati zina ufa ambao ungeweza kupitisha kidole. Neno refu likiandikwa pale, nusu inakaa huku na nusu inakaa kule. Lois alitoka mle ofisini, akapita mbele ya wenzake wawili bila kuwaona.

Tuseme haki, Silvesta hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa kijana, katika shule nyingine huko bondeni, Mkaguzi alikuta vitabu vimechanika na vimepakwa mikono ya mafuta ya karanga. Silvesta alikemewa mbele ya wanafunzi wake, akashushwa cheo miaka miwili. Aibu ile ilimwingia mwilini haikutoka tena. Lakini aibu yake yeye, hebu niambieni, walipe watoto wa watu kwa nini?

Mara moja kwa muhula aliwaonyesha darasa la tano na la sita kitabu. Kuwaonyesha tu! Watoto walisimama mstari mmoja, mikono nyuma, yeye akakifungua kwa ncha za vidole na kupita mbele yao kama padre anayepitisha masalia ya mtakatifu. Mara ya kwanza Lois kuyaona hayo, msichana mmoja jina lake Sikudhani alijisahau. Palikuwa na picha ya garimoshi jekundu. Mtoto hajaona garimoshi maisha yake yote, akanyoosha kidole akaligusa gurudumu. Alichapwa viboko vinne vya kiganja. Hakulia. Alirudisha mikono nyuma, akaendelea kutazama mbele, na Lois akauma meno mpaka taya zikamuuma.



Mwaka uliofuata ikaja barua ya Mkaguzi. Atafika mwezi wa kumi kulisikiliza darasa la sita likisoma Kiingereza. Wakisoma vizuri, shule itapewa darasa la saba kuanzia Januari. Wasiposoma, shule itaishia hapo hapo la sita, na watoto wataagwa warudi kwao. Darasa lilikuwa na watoto ishirini na tisa. Wasichana walikuwa sita.

Mjomba wake Sikudhani, Mzee Fakihi, alikuja mwenyewe shuleni na kofia yake mkononi. Huku kwetu mambo ya mtoto ni ya mjomba, na mzee huyu hakuwa mkorofi, alisema mambo waziwazi. "Mwalimu, darasa la saba likiwapo, asome, mimi sina neno. Lisipokuwapo, yupo kijana wa Mnyambe ameshatuma watu. Siwezi kumweka msichana nyumbani anasubiri shule ambayo haipo."

"Litakuwapo," alisema Lois.

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Alipokwisha kuondoka, Lois alikaa kwenye ngazi za darasa akajiona mjinga. Ameahidi kwa kutumia nini? Kwa ubao wenye ufa? Akaenda tena kwa Silvesta, akamwomba, akamsihi, akamwambia atawanawisha watoto mikono mmoja mmoja. Silvesta alicheka. Awanawishe kwa maji gani? Wakati ule mtungi mmoja ulifuatwa bondeni chini ya genge, mtu akatoka alfajiri akarudi jua la utosi. Maji ya kunywa yenyewe yalipimwa kwa kata.

"Basi nipe kimoja tu, Mwalimu Mkuu. Kimoja!"

"Ukianza na kimoja utamaliza vyote."

Sasa hapo ndipo alipopandwa na mori. Wakati huo kulikuwa kunajengwa tangi la mradi wa maji, mwendo wa saa nzima kutoka shuleni, na mifuko ya saruji ilitupwa ovyo. Lois alikwenda kila Jumamosi, akaokota mifuko, akaikung'uta vumbi, akaitwika kichwani na kurudi nayo, amepauka kama aliyeanguka kwenye pipa la unga. Watu wakamcheka. Mifuko ile ina karatasi tabaka kwa tabaka. Akaibandua, akaikata, akabandika mbili mbili kwa uji wa muhogo zikawa ngumu, zikawa kadi. Juu akachora kwa masizi, chini akaandika Kiingereza. Hakuchora garimoshi. Alichora mwanamke ametwika mtungi, kuku ametamia, mti wa mkorosho wenye mabibo, nguruwe mwitu amevamia shamba la mihogo na mtu anamfukuza na chungu mkononi. Kila kadi ilikuwa na sentensi yake, na ukizipanga kwa namba zikawa hadithi. Watoto walizishika, wakazipokezana, wakabishana, wakanyang'anyana. Darasa likawa na kelele za watu wanaosoma.

Wiki ya tatu mchwa wakazila. Zote! Uji wa muhogo na karatasi, mchwa wangetaka nini zaidi? Lois aliingia asubuhi akakuta udongo mwekundu umetambaa ukutani, na ndani ya sanduku mabaki machache yaliyotobokatoboka. Alilipiga teke lile sanduku, likaruka hadi nje uani, mbele ya Mama Fikirini, mama wa mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akipita na kuni zake.

"Shikamoo, Mama Fikirini."

"Marahaba, mwanangu. Sanduku limekukosea nini?"

Alipoelezwa alicheka mpaka akashusha mzigo. "Nyie mnaotoka bondeni, mnakula korosho hamzijui! Miimo ya nyumba yangu inasimama kwa nini? Paka mafuta ya ganda, mchwa hatagusa."

Wakayatoa pamoja, nyuma ya nyumba ya Mama Fikirini, wakikaanga maganda kwenye kipande cha debe. Lois kwa pupa yake alichovya mkono mafuta hayajaiva vizuri, ngozi ikababuka viganja vyote viwili. Mama Fikirini akamfokea kama mtoto mdogo. "Yanaunguza hayo! Nilikwambia ngoja! Unamfukuza nani?" Kadi zilikaangiwa mafuta yake mpaka yakaiva kabisa, zikapakwa, zikaanikwa siku tano juani, na Mama Fikirini akazipapasa moja moja kwa shavu lake kabla ya kuruhusu mtoto azishike. Zikatoka nyeusi-nyekundu, ngumu kama ngozi ya ngoma. Mchwa walizipita kando.

Kwa kadi hizo, darasa la sita walisoma miezi mitano. Hadithi zikafika kumi na saba. Husseni, mtoto wa mnunuzi wa ufuta, alikuwa akisoma usingizini, mama yake alilalamika. Sikudhani alianza kuandika kadi zake mwenyewe.

Mkaguzi alifika Jumanne. Asubuhi ile Silvesta aliamuru kadi zote zitolewe darasani, maana alisema zinanuka na zinaaibisha shule. Akavipanga vitabu mwenyewe juu ya madawati, kimoja kwa kila mtoto, pembe zikilingana kama askari wa gwaride. Lois alijiambia, liwe liwalo, leo watasoma, kitabu ni kitabu.

Mzungu alikuwa mrefu, mpole wa sauti, jasho linamtiririka shingoni. Aliviona vitabu na uso ukachanua. Alimpa Silvesta mkono. Hajawahi kuona vitabu vilivyotunzwa namna hii katika jimbo zima, alisema, na Silvesta akainama kidogo. Halafu akawageukia watoto na kuwaambia kwa Kiingereza, taratibu, wafungue vitabu vyao ukurasa wa kumi na mbili wasome.

Watoto wote walisimama. Wote ishirini na tisa wakaweka mikono nyuma.

Mkaguzi akadhani hawakusikia. Akarudia, polepole zaidi, akionyesha kwa vidole vyake jinsi ya kufungua kitabu. Hakuna aliyetikisika. Walimwelewa! Walimwelewa neno kwa neno, Lois aliona machoni mwao. Lakini kitabu kilikuwa mbele yao, na kitabu kikiwa mbele yako mikono inakaa nyuma. Ndivyo walivyofundishwa, na kweli walifundishika.

Mkaguzi akatoa kalamu, akaanza kuandika.

Lois alimtazama Silvesta. Neno moja tu lingetosha. Aseme tu, "Bwana, mimi ndiye niliyewakataza." Silvesta alitazama sakafu. Kalamu ikazidi kukwaruza karatasi, na kila mkwaruzo Lois aliusikia mgongoni.

"Fungueni," alisema Lois. Macho ya watoto ishirini na tisa yakakimbilia kwa Mwalimu Mkuu, yakarudi chini. Sikudhani alikuwa dawati la mbele.

Basi! Lois alikwenda akakishika kile kitabu cha mbele yake. Akalivua lile jalada la kaki, akalitupa. Akakikunja kitabu kwa nyuma mpaka mgongo ukalia ka! Akalamba kidole, akafunua kurasa, akafika kumi na mbili, akakandamiza dole gumba lake lenye vumbi la chaki katikati ya ukurasa, chapa ikabaki.

"Haya. Kimeshachafuka. Nimekichafua mimi, na mgeni anasikia. Kiboko ni changu. Shika!"

Akaenda dawati la pili. Ka! La tatu. Ka! Mkaguzi akaita, "Mwalimu! Mwalimu!" Silvesta alishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyefiwa. Lois hakugeuka. Machozi ya hasira yalimtoka, akayafuta kwa mkono ule ule, akashika kitabu kingine.

Alikuwa dawati la tisa aliposikia sauti nyuma yake. Sikudhani alikuwa anasoma. Herufi za chapa zilikuwa ndogo kuliko alizozoea, akawa anazifuata kwa kidole, akakwama, akarudi, akapita. Alimaliza ukurasa wa kumi na mbili. Akalamba kidole, akafunua mwenyewe, akaendelea wa kumi na tatu. Husseni akadakia kwa nguvu. Halafu mwingine, na mwingine, kila mmoja pake, darasa likavuma.

Mkaguzi alimwinamia Sikudhani, akamwuliza kwa Kiingereza, wamekuwa wakikitumia kitabu hiki tangu lini?

Sikudhani alijibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba tangu asubuhi hii.

Mzungu yule alinyanyua kichwa, akamtazama Silvesta, na ule uso uliochanua ukawa umefungwa. Alipiga mstari juu ya yale aliyoyaandika, akaandika upya. Darasa la saba lingefunguliwa Januari. Na kwa kuwa sheria ni sheria, aliandika pia karipio kwa Mwalimu Lois Nikolao, kwa kuharibu mali ya serikali mbele ya ofisa. Lois alitia sahihi pale pale, kwa nguvu hata nibu ikatoboa karatasi.

Gari lilipoondoka, Silvesta alirudi darasani na ufunguo wake. Uso ulikuwa umemwiva. "Umeniua, Lois," alisema. "Miaka miwili! Miaka miwili nimevitunza!"

"Ndiyo. Na mimi mwaka mzima nimekutazama ukivitunza."

Silvesta akaanza kukusanya, dawati la mbele. Akanyoosha mkono. Sikudhani alikikumbatia kile kitabu kilichovunjika mgongo, akakibana kifuani.

"Lete."

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," alisema mtoto, sauti ndogo. "Sijamaliza."

Silvesta alienda dawati la pili. Husseni alikuwa amekalia chake. La tatu, la nne, watoto wameinamia kurasa, hakuna anayeinua uso. Alizunguka darasa lote akarudi mikono mitupu, akasimama mbele ya Lois.

"Waambie wavirudishe!"

"Waambie mwenyewe," alisema Lois. "Wewe ndiye wanayemwogopa."