Mtaalamu wa Kompyuta Alifika Peke Yake

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika mji wa Tabora, nikiwa na akili zangu timamu. Nasema hivyo kwa sababu kila nikianza kusimulia, kuna mtu huniuliza kama siku hiyo nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Na kama wewe ni wa wale wanaodhani mambo ya namna hii hutokea usiku tu, tena makaburini, basi sikiliza.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, wakati sabuni na sukari tukivipangia foleni. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika mradi mmoja wa maji vijijini. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya zamani ya kuta nene za udongo, iliyojengwa na tajiri mmoja wa enzi za misafara. Chumba alichokuwa akihifadhia pembe za ndovu ndimo zilimowekwa kompyuta mbili. Ndiyo, kompyuta. Usicheke. Zilikuwapo, ingawa watu wa Isevya, mtaani kwetu, nilipowaeleza kazi yangu walidhani ni redio ya aina mpya.

Kompyuta moja ilikuwa kuukuu, ikitumia mfumo ulioitwa CP/M. Ya pili ilikuwa mpya, ya mfumo wa DOS, na ndiyo pekee iliyokuwa na printa nzima. Wazungu walioanzisha mradi walikuwa wameingiza vipimo vyote vya maji ya visima kwenye ile kuukuu, kisha mkataba wao ukaisha wakarudi kwao. Programu ya kuvisoma vipimo hivyo iliitwa VISIMA.COM, na kabla ya kuondoka walikuwa wameinakili kwenye mashine zote mbili.

Sasa mvua za mwaka ule zikaleta balaa. Kule Lusu, upande wa Nzega, watoto walianza kuhara na kutapika, wengine wakafa. Daktari akataka vipimo vya kila kisima ili ajue visima vipi vifungwe. Mkuu wetu, Ndugu Masanja, akanijia mbio. "Dada, vitoe leo." Nikaandika VISIMA kwenye mashine mpya, yenye printa, nikabonyeza. Skrini ikajaa alama za ajabu, mashine ikalia mlio mmoja mrefu, ikaganda. Nikazima, nikajaribu tena. Yaleyale.

Ndugu Masanja akapiga simu huku na huku mpaka akampata mtaalamu aliyekuwa Mwanza, Ndugu Elifasi, mtu aliyesomea kompyuta Ulaya. Akakubali kuja kwa basi mpaka Nzega. Dereva wetu alitumwa na Land Rover kwenda kumpokea. Dereva huyo alikuwa Shabani, mdogo wangu wa tumbo moja. Alipokuwa anaondoka nilimpa mandazi ya njiani, akaniambia, "Dada, kesho asubuhi nakuletea mtaalamu wako, uache kulia."

Asubuhi ya pili mvua ilinyesha kana kwamba mbingu imetoboka. Nilifika ofisini na viatu vyangu vya plastiki vimejaa tope. Sikuwasha taa, maana kiti changu kilikuwa dirishani. Nikawa nafuta meza, na nilipogeuka, mtu amesimama mlangoni.

Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa shati la samawati na miwani ambayo kioo chake kimoja kilikuwa na ufa. Alikuwa amelowa chapachapa. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, dada. Mimi Elifasi. Mashine ziko wapi?"

Nilifurahi! Nikachungulia uani nyuma yake. Sikuona gari.

"Shabani yuko wapi?" nikamuuliza. "Dereva."

"Anakuja," akasema. "Tuanze kazi."

Nikasema moyoni, labda amekwenda kutafuta mafuta, maana nayo yalikuwa ya shida. Nikamvutia kiti. Nikamuuliza kama nimletee chai ya kupasha mwili, akakataa kwa mkono. "Washa zote mbili," akasema. Nikabonyeza, zikawaka.

Niamini, hakugusa kitu. Mkono wake haukushika kibodi hata mara moja. Alikaa kando yangu akiwa ameweka viganja magotini, akinielekeza niandike mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya haraka, kama ya mtu anayewahi gari moshi.

"Ulijaribu VISIMA kwenye mashine mpya?"

"Ndiyo, ndugu. Ikaganda."

"Lazima. Tazama herufi tatu zinazofuata nukta. COM. Faili la TXT limelala tu, wewe unalisoma. Linaloishia COM linaamka na kufanya kazi. Lakini COM hii iliandikwa kwa ajili ya CP/M. DOS nayo ina COM zake. Mwisho wa jina ni mmoja, ndani ni kitu kingine kabisa. DOS iliona COM, ikaamini, ikaanza kutekeleza maneno isiyoyajua."

"Kwa hiyo jina linadanganya?"

"Jina halijui limefika wapi," akasema. Sikuelewa, nikangoja agizo lingine.

Akaniambia niiwashe VISIMA kule kwenye mashine kuukuu, nako ikafunguka bila tabu, vipimo vyote vikamwagwa kwenye faili la maandishi. Halafu akanifundisha kitu ambacho sikuwahi kukisikia: kwamba unaweza kuandika maagizo yako kwa mistari, kama barua, mashine ikayafuata mstari kwa mstari. Kwenye CP/M faili hilo huishia SUB. Kwenye DOS huishia BAT. Tukaandika moja, tukaliita TOA.SUB, la kutoa vipimo. Tukaandika la pili, POKEA.BAT, la kuvipokea upande wa pili. Waya wa kuunganisha mashine ulikuwa kabatini miezi yote ile, na hakuna aliyejua ni wa nini. Yeye alijua uko kabati gani. Wakati ule sikushangaa. Ningeshangaa vipi, na kazi inakwenda?

Nikamuuliza kuhusu EXE, maana mafaili ya hivyo nilikuwa nayaona kwenye mashine mpya. Akasema hizo pia ni za kutenda, ila ni kubwa zaidi kuliko COM. Akasema Ulaya alifanyia kazi mashine kubwa ambazo haziangalii mwisho wa jina hata kidogo. Faili linapewa ruhusa ya kutenda, na likishapewa, linatenda, liitwe lolote. "Ruhusa," akarudia, akitazama dirishani kwenye mvua. "Na kuna anayetoa, na kuna anayesubiri."

Nikaita TOA upande huu, POKEA upande ule. Printa ikaanza kupiga kelele. Kisima baada ya kisima, Lusu na vijiji vya jirani. Nilikuwa nachana karatasi huku nacheka peke yangu kwa furaha. Ukurasa wa mwisho ulipotoka, adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika kutoka msikitini.

Nikasikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua kitu kizito.

"Basi," akasema. "Sasa mwambie mkuu wako atume watu korongoni, pale panapovuka njia ya zamani ya misafara, kabla hujafika Lusu. Gari limepinduka. Dereva yu hai. Amebanwa mguu."

Nilimtazama. "Ndugu, unasema nini?"

Nikageuka kuweka karatasi mezani, zilikuwa zinaniponyoka. Kugeuka tena, kiti kitupu. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo kwa ajili ya mvua, na ulikuwa vilevile, umefungwa.

Nilikimbia uani bila viatu mpaka ofisi ya Ndugu Masanja. Nilimkuta gizani na mshumaa mezani. Nikapayuka yote: Elifasi, karatasi, korongo, Shabani.

"Umesema umechapa?" akaniuliza. "Kwa umeme gani? Mji mzima hauna umeme tangu alfajiri."

Tukarudi pamoja. Mashine zote mbili zilikuwa zimezima. Nikabonyeza, hakuna. Nikabonyeza taa ya dari, hakuna. Lakini karatasi zilikuwepo mezani, rundo zima, Ndugu Masanja akazishika, akazipeleka puani akanusa wino. Akaniuliza mtu huyo alikaa wapi. Nikamwonyesha. Nyayo zangu za tope zilikuwa zimetapakaa sakafu yote. Pale kwenye kiti chake, alipokaa mtu aliyelowa kuanzia kichwani mpaka miguuni, hapakuwa na tone.

Ndugu Masanja alikuwa mtu wa chama, asiyeamini mizimu. Lakini hakubisha. Alichukua lori la mabomba na vijana wa mradi, na mimi nikapanda nyuma kwa nguvu, wala hakuna aliyethubutu kunishusha.

Gari lilikuwa pale. Maji ya korongo yalikuwa yameanza kupungua, magurudumu yakiwa juu. Shabani alikuwa amebanwa mguu wa kulia kati ya mlango na jiwe, midomo imekuwa ya kijivu, ameshikilia bega la mtu mwingine ili asichukuliwe na maji. Mtu huyo alivaa shati la samawati. Miwani ilikuwa bado usoni, kioo kimoja kina ufa.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Vijana walidhani namlilia ndugu yangu.

"Amekufa saa ngapi?" Ndugu Masanja akamuuliza Shabani walipomnasua.

"Kabla ya jua," akasema Shabani. "Tulitoka Nzega usiku, alikuwa na haraka sana. Maji yalitupiga kulikuwa bado giza. Alikuwa anarudia neno moja tu, 'Kazi ya Lusu, kazi ya Lusu.' Halafu akanyamaza."

Kabla ya jua! Na mimi asubuhi yote nilikuwa nimekaa naye, magoti yetu yamekaribiana.

Visima vilifungwa siku iliyofuata, kwa karatasi zile. Watoto wa Lusu wakaacha kufa. Umeme uliporudi nilifungua mashine, na TOA.SUB ilikuwamo, na POKEA.BAT ilikuwamo. Nilizitumia kwa miaka, na kila nilipoziita nilitazama kwanza mlangoni.

Shabani alikatwa mguu. Daktari alituambia kwa upole kwamba ulikuwa umekaa bila damu muda mrefu mno. Angefikishwa asubuhi, alisema, labda ungepona.

Asubuhi! Unaelewa? Mtu yule alijua. Tangu anasimama mlangoni alijua mdogo wangu yuko wapi na amebanwaje. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, akanijibu "Anakuja", akanikalisha kunifundisha COM na BAT huku mguu wa mwana wa mama yangu unakufa majini. Kwa nini hakusema kwanza? Nimejiuliza swali hilo mpaka nimezeeka.

Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa mjukuu wa mpagazi, mchukuzi wa mizigo ya misafara. Nilipomweleza hakushtuka hata kidogo. Akasema zamani, katika misafara, mpagazi aliyekufa njiani aliweza kuonekana kambini mbele ya wenzake, amekaa kimya na mzigo wake. "Wakishaupokea mzigo ndipo anapata kusema," akaniambia. "Kabla ya hapo ulimi wake ni wa mzigo. Usimlaumu, mjukuu wangu. Hakuweza."

Hakuweza, au hakutaka? Bibi alikuwa na hakika. Mimi sina. Kuna siku nawakumbuka watoto wa Lusu, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao, nikamwombea marehemu rehema. Kuna siku namwona Shabani akipanda ngazi za msikiti kwa gongo, nikashindwa kumaliza dua. Nilimuuliza Shabani mwenyewe mara moja tu kama amemsamehe. "Dada," akasema, "mimi nilimshika mpaka mlipofika. Wewe ndiye uliyekaa naye mchana. Niambie wewe alikuwa mtu wa namna gani."

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, shika hili. Ukimngoja mgeni anayekuja na mtu wako, akafika peke yake, usimvutie kiti. Usimpe chai wala usimwonyeshe kazi. Simama naye palepale mlangoni, umuulize mwenzake yuko wapi. Akikujibu "anakuja", muulize tena. Muulize mpaka akuambie mahali, na hata kabla hajamaliza kusema, uwe umeshaanza kukimbia.