Mtani Aliyelala Mlangoni

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku niliyoolewa, mwanangu, na leo nitakueleza hata kama baba yako hapendi isemwe. Ni siku aliyoliliwa msiba naye yuko hai, amesimama, nyundo mkononi.

Umeniambia unakwenda kufanya kazi ya kuzuia silaha za nyuklia zisienee duniani. Utakaa na watu wa mataifa, mtavutana juu ya mikataba, mtakagua mitambo ya wenzenu muone nani anaficha nini. Wajomba zako walicheka pale sebuleni. Mmoja akauliza, "Songea na bomu la nyuklia, wapi na wapi?" Mimi sikucheka. Shangazi yako shule niliiacha darasa la nne, nyumba za kupangisha nimejenga kwa kuuza skrepa, na hakuna mwanamume aliyenishika mkono kunivusha. Kwa hiyo siongei kwa kusoma. Naongea kwa kuona. Na nililoliona mtaani kwetu Lizaboni linatosha kukusindikiza huko uendako.

Wakati huo lami ya kwenda Namtumbo ilikuwa bado inatandikwa. Mimi na kaka yangu Fidelis, baba yako, tulikuwa na yadi ndogo ya vyuma chakavu, na ndani yake kibanda cha mabati chenye mlango mmoja. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Asubuhi moja mtu wa mkokoteni alituletea mzigo: masufuria yaliyotoboka, springi za gari, na katikati yake boksi la njano lenye mpini mrefu wa chuma. Ubavuni lilikuwa na alama nyeusi ya mapanga matatu. Tukataniana kwamba ni feni. Baba yako akalinyanyua, akalishusha haraka. "Zito hili! Humu mna risasi, Skola." Risasi ile ya kuyeyusha, maana kwenye skrepa ndiyo yenye soko.

Tukaliweka kibandani. Kabla jua halijapanda likapita gari la matangazo, spika juu. Kambi ya barabara imepoteza kifaa cha njano cha kupimia kama udongo umeshindiliwa vizuri, kilidondoka kwenye pikapu. Kina mionzi, ni hatari, atakayekiona asikifungue, akae mbali nacho, atoe taarifa.

Sasa sikiliza watu tulivyo. Tangazo lile lilitolewa ili watu waogope. Badala yake likawafumbua macho. Baba yako alisimama mlangoni pa kibanda akitabasamu kama mtu aliyeota na ndoto ikamfuata mpaka barazani.

"Kitu kisicho na mali kitatangazwa kwa spika?" akasema. "Haya ni yale madini ya Namtumbo. Urani. Wenyewe wanaisafirisha kwa kuificha humo."

Miaka hiyo kila mtu Songea alishasikia kwamba Namtumbo kuna urani, na hakuna aliyewahi kuiona. Kitu kilichosikiwa na wote na kuonwa na wachache, mwanangu, ndicho kinachopoteza akili za watu. Ukweli tulielezwa baadaye: mle hamkuwa na madini ya Namtumbo hata chembe. Kulikuwa na kitu kidogo sana, kinatoa mionzi. Hakitengenezi bomu la kuangusha mji. Lakini ukikitoa kwenye ngome yake kinamuunguza aliyekishika bila moto, na mikononi mwa mwenye nia mbaya kinaweza kuchafua mahali watu wasikanyage. Hayo wewe unayajua kuliko mimi. Sisi siku hiyo tulijua tu kwamba lina mapanga matatu na ni zito.

Maneno hayana mlango. Haikupita muda akaingia kijana wa miwani ya jua, si mtu wa huku, akajiita dalali. Akasema wanunuzi wake wako nje ya nchi na wasiulizwe majina. Akalichungulia boksi, akarudi nyuma. Hilo nililiona: mnunuzi anayerudi nyuma mbele ya anachokinunua!

"Boksi lenyewe sitaki," akamwambia baba yako. "Boksi linatafutwa. Nitolee cha ndani, ukifunge kwenye nailoni, mimi naondoka nacho."

"Mbona hukitoi mwenyewe?" nikamuuliza.

"Dada, mimi ni mtu wa soko, siyo fundi."

Nikamvuta baba yako pembeni. Nikamwambia gari limesema hatari, Fidelis, tamaa mbele, mauti nyuma. Akauondoa mkono wangu. Akasema mimi siku zote naogopa mambo makubwa, na kwamba mtoto wake hatakua akinusa kutu. Mtoto huyo ni wewe. Akachukua nyundo, akatoka kwenda kuazima tindo kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Dalali akakaa juu ya tairi, uso wake ameuelekeza getini.

Nikamfuata mama yako jikoni, nikamwambia apande bodaboda, aende kambi ya barabara akatoe taarifa, asimweleze mtu njiani. Akatoka nawe mgongoni, hata kanga hajaifunga vizuri. Mimi nikakimbilia nyumba ya tatu, kwa Mzee Kalinga.

Mzee Kalinga alikuwa Mhehe aliyehamia kwetu zamani, kazi yake kuchoma matofali kule Mshangano. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Hakuna msiba wa Mngoni Lizaboni aliokosa kuuharibu kwa matusi yake, na kwa desturi mtani msibani haguswi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwizi wa ng'ombe. Mbona unahema? Leo mmeiba wa nani?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nikamwambia natoka sasa hivi barabarani, napiga yowe, nasema kuna sumu kwetu, watu wote waje wamzuie Fidelis.

Akanigeukia, utani umemtoka usoni. Sijawahi kukaripiwa vile hata na baba aliyenizaa.

"Nani kakufundisha kuzima moto kwa kuupepea? Ukisema sumu watakuja kuitazama. Ukisema mali watakuja kuigawana. Lizaboni yote itajaa kwenye kile kibanda, kila mtu anataka kushika. Una mdomo mkubwa, Skolastika, na leo mdomo huo utaua watu. Ufunge. Nifuate."

Nilikasirika, sikufichi. Lakini nikaufunga.

Akapita jikoni kwake, akachota majivu, akajipaka usoni na kifuani. Akajifunga kanga ya mkewe kiunoni. Tukaingia yadini. Hakumsalimia dalali. Akaenda moja kwa moja hadi kizingiti cha kibanda, akajilaza chali, kichwa nguzo hii, miguu nguzo ile, boksi la njano liko nyuma yake hatua chache tu. Kisha akaanza kulia.

"Jamani Fidelis! Fidelis wa Wangoni, umetuacha! Kijana mdogo, vidole vyake vizuri, vimekwenda wapi vidole vya Fidelis? Nani atambeba mtoto wake?"

Alilia kilio cha kweli, kile kinachowatoa wanawake majumbani mikono kichwani.

Hapo baba yako akaingia getini. Tindo mkono huu, nyundo mkono ule. Akasikia jina lake likililiwa, akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nyamaza, maiti haiulizi. Nimewahi kabla harufu haijaanza."

"Mzee Kalinga, toka. Leo sitaki utani."

"Ni lini mfiwa aliutaka utani? Mimi nimekuja msibani. Nataka kuku, nataka pombe, na sitoki mpaka nipewe jeneza nilipime kama linanitosha na mimi, maana tunakwenda pamoja. Piga nyundo yako. Nimeshalala, usinipe kazi ya kuanguka."

Baba yako akapiga hatua, akasimama miguuni pa mzee. Akainua nyundo kidogo, sijui kwa hasira au kwa uzito, na mimi nikasema moyoni, leo kaka yangu anaua, kama siyo kwa kilicho ndani ya boksi basi kwa mkono wake. Dua niliyoomba pale haikuwa na maneno.

Mzee hakufumba macho. "Mama yako nilimzika kwa matusi," akamwambia, taratibu sasa. "Ulinicheka huku unalia. Wewe nisikuzike bado, mwanangu. Matusi yako sijayaandaa."

Dalali akachoka kusubiri. Akainuka kwenye tairi. "Kaka, huyo mzee kalewa. Mruke tu, tufanye kazi."

Baba yako akageuka polepole.

"Nimruke nani?"

"Si huyo hapo. Mruke."

"Nimruke mtani aliyelala msibani kwangu?"

"Basi nitamruka mimi," dalali akasema, akaja, akainua mguu.

Ule mguu haukutua ng'ambo. Baba yako aliangusha nyundo na tindo, akamdaka yule kijana ukosi wa shati, akamrudisha nyuma hadi miwani ikaanguka. Sijui alimwambia nini, sauti ilikuwa ya chini sana. Dalali akatoka mbio, hakuokota hata miwani.

Kisha baba yako akakaa chini palepale vumbini, mbali na mlango, akaweka uso katikati ya magoti. Mzee akaendelea kulala mlangoni. Nikamwambia mzee, inuka sasa, yamekwisha. Akasema, "Yatakwisha hicho kitu kikiondoka." Jua lilimchoma majivu yakachanganyika na jasho, na mimi nikasimama namtazama, nikijua kwamba kila dakika yeye ndiye aliye karibu na lile boksi kuliko sisi sote.

Wakaja watu wa kambi na polisi, na kimashine kinacholia tik-tik. Kufuli la boksi lilikuwa limebonyea lakini halijaachia. Wakalifunga, wakalichukua, wakatupima. Salama. Mmoja akamuuliza mzee kwa nini alilala pale. Akajibu alikuwa amechoka.

Siku chache baadaye nilimpelekea kuku wake. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Fidelis tu kwamba ni hatari. Akasema, "Gari lilimwambia, wewe ulimwambia. Alisikia mali." Halafu akanipa neno ninalokupa wewe. "Babu zako na babu zangu walichinjana. Walipoona hakuna atakayemmaliza mwenzake, wakafanya utani. Maana yake, nikifiwa utaingia kwangu bila hodi, utafunua vyungu vyangu, utanitukana, na mimi nitavumilia. Kesho msiba ukiwa wako, na wewe utavumilia. Mkataba wenyewe ni huo. Haujaandikwa popote, na juzi ulimzuia kijana mwenye nyundo."

Mwanangu, wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nawaheshimu, lakini kwa hili sikubaliani nao. Walisema pia zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapo ndipo penye kazi yako. Hutawafanya maadui wapendane. Wafanye wajuane mpaka waoneane haya.

Nasikia huko kuna mataifa yamejaza mabomu ghalani na ndiyo yanayowakataza wengine. Waambie shangazi yako amesema hivi: utani wa upande mmoja siyo utani, ni matusi. Anayetaka kufunua chungu cha mwenzake na chake akiache wazi. Usiogope kuwaambia, hata kama wana suti nzuri.

Usipige yowe la hatari ukadhani umemaliza kazi. Hatari ukiitangaza vibaya inageuka bidhaa, na dalali hachelewi. Na usiseme "dunia itaangamia", maana dunia haina mama wa kuililia. Mwambie mwenye nyundo jina lake, na jina la mtoto wake. Lakini ukishasema, kaa mlangoni wewe mwenyewe. Usimtume mdogo wako alale pale ukiwa hotelini. Mtu haachi tamaa yake kwa sababu ya karatasi. Anaiacha kwa sababu kuna mtu amelala mbele yake ambaye hawezi kumruka na akabaki mtu.

Basi nenda. Mungu akupe ulimi mkali na moyo usioweka kisasi. Kila meza utakayokaa, akukutanishe na mtani kati ya wale waliokuja kama maadui. Matusi yakufikie tele, risasi zisikuone. Na vidole vyako vyote nivione tena vikinisalimia hapa nyumbani, niwe hai au mmeshanililia. Amina.